Kilo zilezile, mwili mwingine

Oktoba 1974 mjini Kinshasa, Muhammad Ali alipanda mizani ikasoma pauni 216 na nusu, kilo 98 na ushei. Miaka sita baadaye, kabla ya kupigana na Larry Holmes kule Las Vegas tarehe 2 Oktoba 1980, alipanda tena na mizani ikasoma pauni 217 na nusu. Tofauti ilikuwa pauni moja tu. Waliomwona Las Vegas walishangaa: tumbo limeingia ndani, shingo imechongoka, na nywele ni nyeusi tii, maana alikuwa amezipaka rangi. Wengi waliapa kwamba Ali wa Kinshasa amerudi.

Hakuwa amerudi. Ali wa Kinshasa aliingia ulingoni saa kumi alfajiri, saa iliyochaguliwa ili Wamarekani waone pambano usiku wao, akaegemea kamba kwenye lile joto, akapokea makonde ya George Foreman raundi hadi raundi, na katika ya nane akamwangusha. Ali wa Las Vegas alipigwa raundi kumi karibu bila kujibu, hadi kocha wake Angelo Dundee alipomkataza asitoke kona kwa ya kumi na moja. Baadaye ikajulikana kwamba mapema mwaka ule alikuwa na karibu pauni 250, na kwamba katika mbio za kuziondoa alikuwa akimeza Thyrolar, vidonge vya homoni ya tezi ya shingo. Dawa ya namna hiyo huusukuma mwili uunguze akiba yake haraka: moyo unakimbia, joto linapanda, na misuli inaliwa pamoja na mafuta. Mizani haikusema uongo. Ilihesabu kilo tu, na haikuwa na namna ya kujua kilichoondoka ni kitu gani.

Nalitaja jambo hili kwa sababu vijana wengi wa ndondi, kuanzia Lubumbashi na Kalemie hadi Kigoma na Dar es Salaam, wanafundishwa kuhusu uzito jambo moja tu: namba ya siku ya kupima. Namna ya kuifikia wanaachiwa wenyewe. Mmoja anavaa nailoni na kukimbia saa sita mchana, mwingine anatema mate kwenye kopo usiku kucha, na wa tatu anaacha kula kuanzia Jumatano. Wanafika kwenye kilo zao, wanapigwa picha wakionyesha mbavu, kisha wanapanda ulingoni wakiwa wamekwisha kupigwa na mizani.

Kwa mfano wangu nimeichagua Mpala ya Kongo, kusini mwa Kalemie, pale mto Lufuko unapoingia Ziwa Tanganyika. Wasomaji wa historia wanaijua kwa ngome ya Mbelgiji Émile Storms ya mwaka 1883 na kwa Mapadri Weupe walioichukua mwaka 1885. Mimi inanivutia kwa chakula chake. Mahali pa namna hii, penye dagaa, migebuka, muhogo, mahindi, maharagwe, karanga, sombe (kisamvu), lengalenga (mchicha) na mawese, pana karibu kila kitu anachoandika mtaalamu wa lishe wa timu tajiri ya Ulaya kwenye ubao wake. Kinachokosekana ni vipimo, na mara nyingi fedha.

Tumchukue kijana wa kubuni wa mwambao huo. Ana kilo 67 na nusu na anataka kupigana katika uzito wa kilo 63.5, mojawapo ya madaraja ya wanaume yaliyotumika Olimpiki ya Paris mwaka 2024. Ana wiki nane, na kilo nne za kutoa. Kwa watu wengi njia ya kwanza itakayowajia kichwani ni kuacha bukari, yaani ugali. Wanamichezo wenzake watamwambia, kaka zake watamwambia, na huenda hata kocha akamwambia. Nami nasema hapana, bukari ndicho kitu cha mwisho cha kugusa.

Hesabu yake ni hii. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina takriban kalori 7,700. Kilo nne ni kama kalori 30,800. Ukizigawa kwa siku 56 unapata kalori 550 kwa siku. Hizo ndizo anazotakiwa kupunguza, si zaidi. Kijiko kimoja cha mezani cha mawese kina kalori kama 120. Sombe ya nyumba nyingi huogelea kwenye mafuta, na dagaa hukaangwa kwa mafuta juu ya mafuta. Akipunguza vijiko vitatu vya mawese kwenye fungu lake la siku, ameshaondoa 360. Chai yake ya asubuhi na ya jioni, ikiwa anatia vijiko vitano vya sukari kila kikombe, ina kalori nyingine 160. Tumefika 520 na bukari bado haijaguswa. Kilichobaki ni tonge moja. Na kama Jumamosi alikuwa na mazoea ya chupa kubwa mbili za bia, hapo kuna kalori karibu 600 ambazo hazijajenga chochote, achilia mbali usingizi uliovurugika na mazoezi ya Jumapili yaliyokufa.

Sipendi watu wanaoyasema vibaya mawese. Yale mekundu, yasiyosafishwa viwandani, yana karotini nyingi ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na kwa watoto wa kijijini hilo si jambo dogo. Kijiko kimoja kwenye mboga kinatosha kuileta. Vinne vinavyofuata ni mazoea ya ladha.

Kwa nini bukari ibaki? Kwa sababu ngumi ya haraka haichomi mafuta ya tumboni. Inachoma wanga uliowekwa akiba kwenye misuli na ini. Bondia asiye na wanga hupiga raundi ya kwanza vizuri, ya pili mikono inashuka, ya tatu anakumbatia. Halafu kuna ule udanganyifu mkubwa wa kuacha wanga: kila gramu moja ya akiba hiyo hukaa pamoja na takriban gramu tatu za maji. Ukiacha bukari siku nne na kuendelea na mazoezi makali, akiba inakauka na maji yake yanaondoka nayo, na mizani inashuka kilo moja na nusu au mbili. Kijana anafurahi, anawaonyesha wenzake. Amepoteza petroli, mafuta ya mwili yapo palepale, na siku akila tena kilo zote zinarudi kabla ya wiki kuisha.

Bukari yenyewe si moja. Unga wa muhogo ni wanga mtupu karibu wote: katika gramu mia, protini hata gramu tatu haifiki. Unga wa mahindi una kama gramu nane. Wanaochanganya nusu kwa nusu, kama wanavyofanya wengi huku mashariki kwa sababu ya ladha na bei, wamepatia bila kumwuliza mtu. Muhogo mchungu una jambo lake jingine, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu halizungumzwi kwenye vitabu vya michezo vilivyoandikwa na watu wasioula.

Muhogo mchungu una viini vinavyotoa sianidi. Kuloweka siku kadhaa, kuanika vizuri na kusaga huiondoa sehemu kubwa. Njaa inapobana, au soko linapohimiza, watu hufupisha siku za kuloweka. Matokeo yake ya kutisha yanajulikana Kongo tangu daktari Giovanni Trolli alipoueleza ugonjwa wa konzo huko Kwango mwaka 1938: miguu inapooza ghafla na haiponi. Umeonekana pia Kivu Kusini, Tanzania na Msumbiji, mara nyingi wakati wa ukame au vita, kwa watu wanaokula muhogo usiotayarishwa vizuri na karibu hakuna kingine. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo inayomhusu bondia. Ili kuivunja sianidi kidogo inayobaki kwenye unga, mwili hutumia salfa inayotoka kwenye protini, hasa asidi amino zilizo nyingi katika samaki, mayai na nyama. Mtu anayekula muhogo na samaki anaipata salfa hiyo sahanini. Mtu anayekula muhogo kwa sombe kavu isiyo na kitoweo anaitoa kwenye akiba ileile ambayo ingemjengea misuli. Kwa hiyo kijana anayeamua kukata kilo kwa kuacha samaki kwa sababu ni ghali, abaki na bukari ya muhogo na majani, amechagua njia mbaya kuliko zote zilizopo mwambaoni.

Majani yenyewe, kwa heshima yake, yana protini kuliko mboga nyingi za dunia, na kutwanga na kuchemsha kwa muda mrefu huondoa sumu yake. Ila hayawezi kubeba mzigo peke yake.

Samaki, basi. Bondia anayefanya mazoezi makali huku akipunguza uzito anahitaji protini kati ya gramu 1.6 na 2 kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku, ili mwili upoteze mafuta na kuacha misuli. Kwa kijana wetu hiyo ni kama gramu 110 hadi 135. Namba hii inawatisha watu, wanakimbilia makopo ya unga wa protini yanayouzwa mijini kwa bei ya mshahara wa mwalimu. Dagaa mkavu, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini. Viganja viwili vyake, gramu 60, vinatoa gramu 30 na zaidi, sawa na kijiko cha yale makopo na ziada juu, pamoja na kalsiamu ya mifupa yake ambayo kopo halina. Ongeza kipande cha gramu 200 cha mgebuka wa kuchoma, una nyingine karibu 40. Sahani ya maharagwe yaliyoiva inaleta 20. Karanga za kiganja kimoja, saba. Unga wa mahindi wa siku nzima ishirini na ushei. Tumefika, bila kuku wala kopo. Na makopo yana hatari ambayo muuzaji hataji: baadhi huchanganywa na dawa zilizopigwa marufuku michezoni, na sheria ya kupambana na dawa hizo inamwadhibu mwanamichezo kwa kilichokutwa mkojoni mwake, hata kama hakujua kilichokuwa ndani.

Majina ya samaki hubadilika ukiizunguka pwani. Mgebuka wa Kigoma, upande wa Kongo wengi humwita mikebuka, na Bujumbura ni mukeke. Kwa mizani ni yuleyule. Achomwe au achemshwe kwa nyanya na limau. Akikaangwa, nusu ya faida ya hesabu yetu imeliwa na kikaango. Dagaa walioanikwa mchangani waoshwe mara tatu, si kwa ajili ya lishe bali kwa ajili ya meno.

Tatizo la dagaa ni mwezi. Huvuliwa usiku kwa taa zinazowavuta juu, na mwezi unapokuwa mpevu taa hazina nguvu ya kuwavuta. Wavuvi wengi hulaza mitumbwi siku hizo, soko linapungua, bei inapanda. Bondia wa mwambao anayetegemea dagaa wabichi peke yao atakuwa na wiki moja ya njaa ya protini kila mwezi, na hakuna kitabu cha ndondi kitakachomwonya. Anaponunua wakati wa giza, anunue wakavu wa kumvusha mbalamwezi. Vilevile ziwa lenyewe limechoka. Nchi nne zinazopakana nalo zilikubaliana kulipumzisha, na Tanzania ilifunga uvuvi upande wake kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024. Mwenye pambano mwezi wa nane katika mwaka wa namna hiyo anapaswa kupanga maharagwe, karanga na mayai tangu mwezi wa nne. Naunga mkono kufungwa kwa ziwa. Lakini wanaofunga huongea na wenye nyavu na wachuuzi. Sijawasikia wakiongea na walimu wa michezo.

Haya yote ni mepesi kwenye karatasi. Nyumbani kuna sahani moja. Bukari iko katikati, mboga pembeni, na watu watano au saba wanaosha mikono. Hapo hakuna gramu 60 wala gramu 200. Mwepesi wa kumega ndiye anayeshiba, na samaki hugawiwa kwa umri na heshima, baba kwanza. Kijana akisema "Mama, mie unitolee pembeni, na mafuta upunguze," jibu linaweza kuwa, "Umeanza kuringa sasa? Wenzako wanakula hivi hivi." Mama hana ubaya. Mafuta mengi kwenye sombe ni upendo unaoonekana, na mtoto anayekonda kwa hiari yake mbele ya majirani ni aibu kwa mpishi. Makocha wachache wenye busara niliowaona hulimaliza jambo hili kwa kwenda nyumbani. Wanakaa, wanakunywa maji, wanaeleza: mtoto wako hafungi wala haumwi, anahitaji fungu lake lipakuliwe kabla ya kijiko cha mwisho cha mawese kuingia, na kama kuna mayai mawili asubuhi, tutashukuru. Ziara moja ya namna hiyo inazidi semina tatu.

Na lazima niseme jambo ambalo makala za lishe za magazeti ya mijini hulikwepa. Jimbo la Tanganyika la Kongo, lenye Kalemie na Mpala, limepita miaka ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, watu wamehama vijiji vyao, mashamba yamelala. Nyumba nyingi hupika mara moja kwa siku, jioni. Kwa bondia wa nyumba kama hiyo tatizo la kwanza si kilo nne za ziada. Ni kwamba anaamka saa kumi na moja, anakimbia kilomita nane, anapiga begi, na tumboni hana kitu tangu jana usiku. Huyo akikata chochote anakata msuli. Anachohitaji ni mlo wa pili, na mlo wa pili wa bei nafuu kuliko yote ni uji: unga wa mahindi na soya au karanga za kusaga, wenye sukari kidogo, bakuli moja ndani ya saa moja baada ya mazoezi. Klabu ikichanga sufuria moja ya uji kila asubuhi, imefanya kazi kubwa kuliko kununua glavu mpya. Kama huyo hafikii uzito wake wa chini baada ya miezi mitatu ya kula hivyo, basi mwili wake umemwambia ni bondia wa uzito gani.

Kwa wasichana onyo hili lina alama yake wazi. Hedhi ikikoma au kuchelewa miezi kadhaa kwa msichana asiye mjamzito anayefanya mazoezi makali, chakula hakitoshi kazi anayofanya, na mifupa yake imeanza kulipa. Damu nayo ina madai. Dagaa, maharagwe na lengalenga vina madini ya chuma. Limau au nyanya kwenye sahani husaidia mwili kuyachukua yale ya kwenye majani na maharagwe, na chai nzito papo hapo baada ya kula huyazuia. Chai ingoje saa moja. Marcelat Sakobi wa Kongo alipigana katika uzito wa kilo 57 Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021, na akapigana tena katika kilo 57 Paris 2024. Dunia inamkumbuka kwa alichofanya baada ya kushindwa Paris, mkono mdomoni na vidole viwili kichwani, kupaza sauti ya watu wanaouawa mashariki mwa nchi yake. Mimi nakumbuka pia ile namba kukaa palepale miaka mitatu.

Turudi kwa mwenye nailoni. Kijana wa kilo 67 na nusu akipoteza maji kilo moja na theluthi, hiyo ni asilimia mbili ya mwili wake, na hapo tayari pumzi inaanza kupungua. Wanaokata kilo usiku mmoja hupoteza mara mbili au tatu ya hapo. Damu inakuwa nzito na moyo unafanya kazi ya ziada. Madaktari wa ndondi wanahofia pia ubongo, kwa sababu maji yanayouzunguka ndiyo kinga yake mtu anapopigwa kichwani. Marekani, mwishoni mwa 1997, wanamieleka watatu wa vyuo vikuu walikufa ndani ya wiki chache, kila mmoja kwenye chuo chake, wakikata uzito kwa mazoezi ndani ya joto na nguo zisizopitisha hewa. Chama cha michezo ya vyuo vya huko kikapiga marufuku nguo za mpira na vyumba vya mvuke kwa kazi hiyo. Vijana wetu wanavitafuta bado. Jua la ziwani linawapa chumba cha mvuke bure.

Wengine hununua vidonge vya kukojoza kwenye duka la dawa. Hivyo vimo katika orodha ya vilivyokatazwa na shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni, na kabla mpimaji hajakukamata vinaweza kukukamata moyo, maana vinatoa potasiamu pamoja na maji.

Kalemie na vijiji vya pwani yake vina sababu ya ziada ya kuogopa mchezo huu wa kujikausha. Kipindupindu huko hakiendi mbali; hulala, kikaamka. Mtu aliyejikausha kwa makusudi, tumbo tupu, kisha akanywa maji ya ziwani kwa pupa baada ya kushuka mizani, amejiandalia kitanda hospitalini. Maji yachemshwe au yatiwe klorini, na hilo ni la siku zote, siyo la wiki ya pambano tu. Kila mama wa mwambao anaijua dawa ya kurudisha maji: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chumvi. Kinywaji hicho kinachookoa watoto wenye kuhara ndicho kinywaji bora cha bondia aliyetoka jasho saa mbili, na kinashinda zile chupa za rangi ya buluu kwa bei na kwa kazi.

Mizani yenyewe inahitaji adabu. Kituo cha afya kina mizani, sokoni kuna mizani ya dagaa, klabu ina ya kwake iliyoanguka mara mbili. Zote tatu hazitakubaliana. Achague moja na abaki nayo, apime asubuhi baada ya kujisaidia na kabla ya kunywa, mara mbili kwa wiki, aandike. Afunge pia uzi kiunoni kila Jumapili na kuutia alama. Kilo zikishuka na alama ya uzi ikisogea, ni mafuta yanayoondoka. Kilo zikishuka na uzi haujasogea, huku kamba anaruka kwa uchovu, ni msuli au maji, na hapo kocha aongeze chakula hata kama mwenyewe analia. Nusu kilo kwa wiki inatosha. Anayeshuka kilo moja na nusu kila wiki hana cha kusifiwa.

Wiki ya nne ndiyo ya uamuzi. Kwa mpango wetu kijana anatakiwa awe karibu kilo 65 na nusu. Akiwa bado 67, na daftari linaonyesha kwamba amekula kwa uaminifu, jina lake liandikwe kwenye kilo 71. Makocha wengi huliona hilo kama kushindwa, wakiogopa wapinzani wazito. Hofu hiyo imetiwa chumvi. Foreman alimzidi Ali pauni tatu na nusu Kinshasa, na hakuna anayesimulia pambano lile kwa pauni hizo. Sumbu Kalambay, mzaliwa wa Lubumbashi, alitwaa ubingwa wa dunia wa WBA wa uzito wa kati mwaka 1987 kwa kumshinda Iran Barkley, mrefu na mwenye ngumi nzito kuliko yeye, kwa miguu na jabu. Ilunga Makabu wa Kananga alipotwaa mkanda wa WBC mjini Kinshasa Januari 2020, ilikuwa katika uzito usiozidi kilo 90.7, daraja moja chini ya wale majitu. Kila mtu ana daraja lake, na la Makabu ndilo hilo.

Mashirika yanayotoa mikanda yenyewe yameanza kuhofia kukata kilo. WBC hupima bingwa na mpinzani wake siku 30 kabla, na hawatakiwi kuwa wamezidi kwa zaidi ya asilimia 10. IBF imewahi kuwapima tena asubuhi ya pambano la ubingwa, wasiwe wameongeza zaidi ya pauni 10 juu ya mpaka wa uzito wao. Hizo ni sheria za ndondi za kulipwa, za wanaopima jana na kupigana leo. Katika ndondi za ridhaa bondia hupima asubuhi na anaweza kupanda ulingoni siku hiyohiyo, na saa chache hazitoshi kuujaza mwili uliokaushwa. Chama cha wilaya kinachotaka kupunguza nailoni kinaweza kuanza na daftari la kupima wiki mbili kabla, mbele ya makocha wote. Gharama yake ni kalamu.

Kijana wetu amepima saa mbili asubuhi, 63.4, na anapigana saa kumi na mbili jioni. Hana maji ya kurudisha kwa sababu hakuyatoa. Anakunywa uji wa sukari, glasi mbili za maji ya chumvi na sukari kidogo kidogo, na ndizi mbivu. Saa tano anakula mlo wa kweli: wali au bukari laini ya mahindi, mgebuka wa kuchemsha uliotolewa miiba, chumvi kidogo, mafuta kidogo. Saa tisa, ndizi nyingine au kipande cha mkate na asali, kisha maji kwa funda mpaka wito. Sombe na maharagwe, kwa sababu ambazo kila aliyewahi kupigwa ngumi ya tumbo anazijua, visubiri mpaka kesho yake.